Fungate Amu, na Usiku Maji Yalipotuacha Takwa

Nilipanga fungate yetu kama ninavyopanga zamu za wauguzi wodini. Nilinunua daftari dogo la jalada gumu, nikachora mistari, nikaandika siku saba upande wa kushoto na saa upande wa juu, kisha nikajaza kila kisanduku: ngome na makumbusho, Shela, magofu ya Takwa, Matondoni, na kuendelea hivyo hadi asubuhi ya kuondoka. Mume wangu alipoliona daftari lile usiku wa kuamkia safari alitabasamu, akasema kwamba ameoa mtu wa mipango, nami nikayachukua maneno yale kuwa sifa. Daftari hilo ninalo hadi leo. Ukurasa wa siku ya tatu umejikunja na una doa la maji ya chumvi, na yaliyoandikwa nyuma yake si ratiba hata kidogo. Nimeona niisimulie habari ya ukurasa huo, kwa sababu najua wako maharusi wengi wanaokwenda Lamu na daftari kama langu, hata kama lao limo ndani ya simu.

Mimi nimekulia Voi, mbali na bahari. Mume wangu amezaliwa Likoni na hufanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo bahari kwake ilikuwa kivuko cha asubuhi na makontena ya mchana. Nikaha yetu ilifungwa mwishoni mwa Desemba. Kamati ya harusi ilifanya kazi kubwa, jamaa walichanga, na shughuli ikafana. Lakini yeyote aliyewahi kuoa au kuozwa siku hizi anajua kwamba michango ya watu haitoshi, na kwamba pengo linalobaki huzibwa na maharusi wenyewe kimyakimya. Katikati ya Januari ndipo tulipopata likizo kwa pamoja. Wengine walitushauri twende Unguja, lakini Lamu ilikuwa karibu na mifuko yetu, nami tangu shuleni nilitamani kuuona mji ambao watu wake huuita Amu.

Tulikwenda kwa basi. Kutoka Mombasa hadi Mokowe kupitia Kilifi, Malindi, Garsen na Witu ni mwendo wa kilomita zipatazo 340, na safari hiyo huchukua siku nzima, kwani kuna vizuizi ambapo abiria huteremka na vitambulisho hukaguliwa. Mtu asiudhike na ukaguzi huo, wala asisahau kitambulisho nyumbani. Kosa letu lilikuwa kuhesabu siku ya safari kuwa siku ya fungate: tayari nilikuwa nimeandika kwamba saa kumi jioni tutatembea Usita wa Mui, ile njia kuu ya ndani ya mji, ilhali saa kumi jioni tulikuwa bado hatujafika Mokowe, na mimi nikaitazama saa kila baada ya dakika chache kana kwamba dereva angeona aibu akaongeza mwendo.

Barabara huishia Mokowe. Hapo mizigo huteremshwa, watu huingia mashuani, na baada ya nusu saa hivi mji hujitokeza juu ya maji: ukuta mrefu wa nyumba nyeupe na za rangi ya mchanga, minara ya misikiti, vyombo vimefungwa ubavu kwa ubavu gatini. Nilitarajia kelele za magari, lakini kilichotulaki gatini kilikuwa sauti ya kwato. Punda walipita wamebebeshwa mifuko ya saruji na makreti ya soda, na nyuma yao mvulana akipaza sauti, "Similla! Similla!" ili watu wapishe. Mume wangu alishusha begi lake chini, akasimama tu. Tangu nimfahamu sikuwa nimemwona akisimama mahali bila sababu.

Tulifikia Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale, katika nyumba ya mawe ambayo familia yenyewe bado inakaa chini na kukodisha vyumba vya juu. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kila mtu mtaani alimwita Mama, nasi tukamwita hivyo. Nitasema kidogo juu ya nyumba hiyo, kwa sababu ilitufunza kabla ya mtu yeyote kutufunza. Mlangoni kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni wa haja ndogo huketi na kuondoka bila kuingia. Ukipita hapo njia hujikunja, hata aliye nje asiweze kuona ndani. Kisha kuna kiwanda, ua ulio wazi juu unaoingiza jua na mvua, na baada ya kiwanda vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na faragha zaidi ya kilichotangulia. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na nilipouliza sababu Mama alinionyesha dari: sakafu ya juu imebebwa na boriti za mkoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti, ambao ni kama mita tatu. Mti ndio uliompimia fundi. Katika kuta za chumba cha ndani kulikuwa na zidaka, safu za vijishimo vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo zamani viliwekwa vyombo vya thamani. Juu ya kichochoro, nyumba ile iliunganishwa na ya jirani kwa wikio, chumba kinachovuka njia kama daraja, na jioni tuliwasikia wanawake wakipita juu ya vichwa vya watu na kucheka bila kuonekana.

Asubuhi iliyofuata nilimwamsha mume wangu saa kumi na mbili na nusu. Tulianza na ngome iliyo mbele ya uwanja wa Mkunguni, iliyojengwa kati ya mwaka 1813 na 1821 baada ya vita vya Shela, na ambayo ilitumika kama gereza hadi mwaka 1984. Tukaenda makumbusho, tukaenda kwenye nyumba ya kale ya Waswahili, tukashuka Langoni, tukarudi. Naweza kuyataja yote hayo kwa mpangilio, lakini sikumbuki harufu ya mahali pamoja wala uso wa mtu mmoja wa siku ile. Ninachokumbuka ni simu. Kila tulipoingia mahali, simu ya mume wangu ililia, naye akatoka nje, akaongea kwa sauti ya chini, akarudi uso umekunjamana. Nilipomuuliza alijibu kwamba ni kazi. Mara ya nne nilimwambia mbele ya watu kwamba kama alitaka kufanya kazi angebaki Kilindini. Tulirudi nyumbani hatusemezani.

Mama alituona tukipita kiwandani, mimi mbele na mwenzangu nyuma. Hakuuliza lolote. Jioni alituletea chakula kwenye sinia lililofunikwa kwa kawa, wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaliweka chini na kuketi kidogo.

"Wanangu," alisema, "mumekuja fungate au mumekuja kuuhesabu mui?"

Nilimwonyesha daftari, nikidhani ataridhika. Akalitazama kwa heshima, akageuza kurasa, kisha akanirudishia. Alituambia kwamba yeye alipoolewa, bwana na bibi harusi walikaa ndani siku saba. Chakula kililetwa, wazee walipita kuuliza hali, somo wake, yaani kungwi, alikuja kumwangalia na kuzungumza naye, na kazi pekee waliyokuwa nayo wale wawili ilikuwa kujuana. Fungate, akasema, ni siku saba; neno lenyewe ndilo hilo. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kujua kwamba zamani lilikuwa hesabu, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya siku za kufungiwa mlango na wala si za kutembezwa. Nilimshukuru, lakini moyoni nilisema hayo ni ya zamani. Kesho yake ilikuwa zamu ya Takwa.

Takwa ni magofu ya mji ulio katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Watu waliishi hapo kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha wakauhama, na inasimuliwa kwamba wengi wao walivuka maji wakaenda kukaa Shela. Njia ya kufika kwa chombo ni mkono mwembamba wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, na njia hiyo ni njia pale tu maji yanapokuwa yamejaa. Mama alitutafutia nahodha, mzee mtulivu mwenye dau la tanga, aliyekuwa na kijana wake wa kumsaidia. Tulimwita Ami. Daftari langu lilisema tuondoke saa mbili asubuhi. Ami alisema tutaondoka saa nane na nusu mchana. Nilipolalamika alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma saa: mwezi umeandama juzi, kwa hivyo ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, asubuhi ile mkono wa Takwa ungekuwa tope tupu, na maji yangejaa kikamilifu saa kumi na nusu jioni. Tukifika, alisema, tutembee, lakini saa kumi na moja tuwe chomboni.

"Mai ya bamvua," alisema, "hutoka kama yaliyofukuzwa."

Nilisikia, lakini nilisikia kama mgonjwa anavyomsikia mwuguzi anayemwambia amalize dawa zote. Kwa kuwa nimekuwa upande wa pili wa maneno hayo mara nyingi, nina haki ya kulisema hili.

Safari ya kwenda ilikuwa nzuri kuliko nilivyoweza kuiandika kwenye kisanduku. Tulivuka mkondo, tukaingia mikokoni, tanga likashushwa, na kijana akasimama tezini akisukuma kwa upondo. Tulifika, tukapanda ngazi, tukaingia katika mji usio na watu: ukuta, nyumba zisizo na dari, mibuyu mikubwa iliyoota ndani ya boma, na msikiti ambao juu ya ukuta wake wa kibla umesimama mnara kama nguzo. Nje kidogo kuna kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua. Saa kumi na moja kasoro robo mume wangu alisema twende. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba ukivuka matuta unafika upande wa bahari kuu, na nilitaka picha tukiwa wawili na mawimbi nyuma yetu, kwa sababu katika siku mbili tulikuwa hatujapiga picha hata moja ambayo tunatazama upande mmoja. Nikamwambia ni dakika kumi. Tulivuka, tukapiga picha, tukaokota kauri, tukakaa. Simu yake ikalia, akaongea kwa muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Tuliporudi kwenye ngazi ilikuwa imepita saa kumi na mbili.

Ami hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema "Ingieni" tu, akashika upondo mwenyewe. Tulikwenda hatua mia mbili hivi. Chini ya dau kukasikika mkwaruzo mrefu, laini, kama mtu anayeburuta jamvi sakafuni, kisha chombo kikasimama. Kijana akarukia upande mmoja, mume wangu akarukia upande wa pili akazama kwenye tope hadi magotini, wakasukuma, dau likasogea kiasi cha urefu wa mkono na kukaa tena. Ami alitazama mizizi ya mikoko, akatazama mstari wa maji ulivyoshuka, akaweka upondo chini.

"Tumepwelewa," alisema.

Nilimuuliza maji yatarudi lini. Alinyosha kidole juu, ambako nyota zilikuwa zinaanza kutoka, akanionyesha kishada kidogo cha nyota karibu na utosi. Ni Kilimia, alisema. Kikishazama nyuma ya mikoko ya magharibi, maji yatakuwa yameingia. Nilipofanya hesabu nilielewa kwamba anasema baada ya saa nane usiku. Akampigia Mama simu kumwondoa wasiwasi, kisha yeye na kijana wake wakaswali magharibi juu ya dau lile lililoinama, mume wangu nyuma yao.

Sasa nieleze usiku ule, kwani hapo ndipo fungate yetu ilipoanza. Maji yalikwisha kabisa kati yetu na miti. Mikoko ilibaki imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliokunja nguo kuvuka mto, na kwenye mizizi hiyo chaza walikuwa wakitoa sauti ndogondogo, tiki, tiki, pande zote, hata nikadhani kuna mvua inayokuja. Kaa walitoka matundu yao. Mbu walikuja pia, nasi tukajifunika leso zangu mbili. Kijana alikoleza makaa kwenye jiko, akaoka changu wawili waliokuwa wamenunuliwa kwa ajili ya chakula cha nahodha mwenyewe, akatugawia na mkate wa mofa na tende. Ami alituandalia kahawa ya tangawizi. Baada ya kula, yeye na kijana walikwenda omo, mbele ya chombo, wakajilaza na kutupa mgongo, na ninaamini hakulala wakati wote ule. Alitupa tu nafasi.

Simu ya mume wangu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji. Tulikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa tayari kuomba radhi kwa ajili ya picha, na nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi ambayo ingemfanya naye aombe kwa ajili ya simu, nilipomsikia akisema, "Si kazi." Nilimuuliza nini si kazi. Akasema simu zile si za kazini. Wiki mbili kabla ya harusi, pesa za hema, viti na chakula zilipopungua, alikopa kwa simu mahali patatu, na nyingine akakopa kwa wenzake wawili. Jumla ilikuwa shilingi 180,000, na baadhi ya tarehe za kulipa zilikuwa zimepita tukiwa bado tunapokea hongera. Alisema aliona aibu kuniambia kabla ya nikaha, na baada ya nikaha aliona aibu zaidi. Alikuwa amekusudia kuniambia baada ya fungate, ili asiniharibie.

Ningependa kuandika kwamba nilimfariji papo hapo. Sikumfariji. Nilikaa nikiutazama mkono wangu wenye hina na kuhisi kwamba kila sahani ya pilau waliyokula wageni wetu imenikaba kooni. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nami nilikuwa na langu. Tangu mdogo wangu aingie chuoni nimekuwa nikimlipia karo, na sehemu hiyo ya mshahara sikuwahi kuitaja tulipopanga matumizi ya nyumba. Nilimwacha mume wangu aamini kwamba mshahara wangu wote uko mezani. Nilimwambia. Hakusema neno kwa muda, halafu akacheka kidogo kwa uchovu, akaniuliza mdogo wangu anasomea nini. Kwa miaka miwili ya uchumba hakuwahi kupata nafasi ya kuuliza swali hilo, kwa sababu sikuwahi kumpa.

Niliwasha tochi, nikatoa daftari mkobani, nikageuza ukurasa wa siku ya tatu. Nyuma yake tuliandika kila deni, jina la anayedai, kiasi, na tarehe, kisha karo, kisha kodi ya nyumba, kisha mishahara yetu miwili jinsi ilivyo kweli. Yeye alitaja, mimi nikaandika. Tulibishana kidogo juu ya nani alipwe kwanza, tukakubaliana kwamba walioko kazini kwake watangulie, maana ndio wanaoonana naye kila siku, na kwamba wale wa simu atawapigia yeye mwenyewe asubuhi badala ya kungoja wampigie. Kilimia kikawa kinashuka. Wakati fulani nililala begani mwake, na nilipoamka nilisikia kitu kama mtu ananong'ona chini ya dau. Maji yalikuwa yamerudi. Kijana alitia upondo, na pale ulipozama maji yakameremeta rangi ya kijani, cheche ndogo zikizunguka mti na kuzimika. Dau likatikisika, likainuka. Wimbi dogo la kwanza lilirusha matone juu ya ubao, na daftari lilikuwa wazi mapajani mwangu.

Tulitoka mikokoni saa tisa usiku, kaskazi ikavuma nyuma yetu, tanga likajaa, na tuliingia Amu adhana ya alfajiri ikitoka msikiti mmoja na kupokewa na mwingine. Mama alikuwa ameketi dakani, taa mkononi. Alisema tu, "Ndooni, wanangu," akatupa chai.

Siku nne zilizobaki sina mengi ya kuzisimulia, na huo ndio uzuri wake. Mume wangu alipiga simu zake asubuhi ile, zote, akiwa ameketi karibu nami na si nje. Kisha akaiweka simu kwenye kidaka cha chumba cha ndani, na yangu ikawekwa kando yake. Tulilala mchana. Nilihesabu boriti za dari, zilikuwa 31. Tulikula mahamri na mbaazi asubuhi, na jioni tulinunua viazi vya karai gatini tukala tukitazama vyombo vikirudi. Ijumaa alikwenda kuswali Langoni katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, akarudi na mzee waliyejuana msikitini, wakakaa dakani hadi alasiri wakizungumza juu ya nazi. Matondoni hatukufika.

Shela tulikwenda mara moja, siku ya sita, kwa miguu. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi ukifuata ufuo, na safari hii tuliuliza habari ya maji kwanza, kwani yakijaa sehemu za njia hiyo hufunikwa. Baada ya kijiji pwani hunyooka kiasi cha kilomita 12, mchanga mtupu, na nyuma yake matuta. Nilipanda tuta nikadhani ni mchanga usio na faida yoyote zaidi ya kupendeza, hadi mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu aliponieleza kwamba maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya matuta yale: mvua hunyesha, mchanga huyanywa na kuyahifadhi, na visima huyapata huko. Ndiyo maana wenyeji huumia wanapoona mtu anajenga juu yake. Tangu hapo nilipokoga pale nyumbani kwa Mama nilifunga bomba mapema.

Walioniuliza baadaye juu ya kwenda Lamu huwaambia mambo ambayo sikuyajua. Mtu aulize mwezi una siku ngapi kabla ya kuuliza chombo kinaondoka saa ngapi, maana siku za bamvua na siku za maji mafu hazifanani hata kidogo, na nahodha anayekataa kuondoka hakatai pesa. Miezi ya kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi, ilhali kusi ikishika katikati ya mwaka mawimbi huwa makubwa. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni. Picha za watu ziombwe. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini watu wamo ndani, wanapika, wanagombana, wanaozana, na mlango ulio wazi si mwaliko wa kamera. Na kama mna siku saba, andikeni shughuli mbili. Najua fedha imetumika na inauma kukaa ndani ya nyumba mliyoilipia safari ndefu hivyo, lakini sikuona chochote nje ya chumba kile ambacho kingetupa yale tuliyopata kwa kukosa pa kwenda.

Tulipoondoka, Ami alikuwa gatini akipakia boriti. Alituuliza saa ya basi letu, akatazama maji, akasema tutavuka vizuri. Mume wangu alimpa mkono kwa mikono miwili, na mimi nikampa leso moja kati ya zile mbili za usiku ule, ampelekee mkewe.

Madeni yalituchukua miezi kumi na minne. Kila mwisho wa mwezi tuliketi mezani, yeye akitaja na mimi nikikata kwa kalamu, kwenye ukurasa uleule, na mstari wa mwisho uko pale chini kabisa, ambapo chumvi imelifanya karatasi kuwa gumu na wino umetawanyika kidogo.